Mwanangu, kuhusu vidole vyako

Mwanangu,

Umeniuliza kama utaurithi ugonjwa wangu huu wa tishu unganishi, zile zinazoshikilia sehemu za mwili pamoja, na kama ukapimwe kingamwili sasa hivi, maana vidole vyako vimegeuka vyeupe mara mbili kwa baridi. Kabla sijakujibu: umeviandika? Tarehe, kidole kipi, vilikaa hivyo dakika ngapi?

Ile pete unaikumbuka. Baba yako alipoikata mlicheka, nikacheka nanyi, lakini usiku nililia. Vidole vilikuwa vimevimba havikunjiki, na mabega hayana nguvu hata ya kuanika nguo. Daktari mmoja alitazama viungo, mwingine akanipa dawa ya kiungulia, wa tatu akasema ni mawazo tu. Mawazo! Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Kilichoniokoa ni daftari nililoandikia dalili zangu. Daktari wa nne alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kimya, kisha akaagiza kipimo cha kingamwili za RNP, yaani kinga zinazougeukia mwili wenyewe. Zilikuwa juu sana. Akanieleza kuwa huu ni ugonjwa mseto wa tishu unganishi, uliotambuliwa mwaka 1972 tu: dalili za lupasi (kinga kuushambulia mwili wenyewe), za skleroderma (ngozi kukakamaa) na za uvimbe wa misuli humkuta mtu mmoja, na haziji siku moja. Kumbe kila daktari alikuwa ameona kipande chake. Nilitoka pale mgonjwa, na sijui kama nimewahi kufurahi vile.

Basi andika. Vidole kuwa vyeupe huwapata wengi wasio na ugonjwa wowote, na huu wangu haurithiwi moja kwa moja. Ila na vyangu vilianza hivyohivyo... hapana, sitaki kukutisha. Lakini kukutisha kidogo kuna ubaya gani? Nameza haidroksiklorokwini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, na kupimwa macho maana inaweza kuyadhuru. Kila mwaka napimwa moyo, kuangalia shinikizo kwenye mishipa ya mapafu, maana hilo ndilo linaloua zaidi, tena huanza kimyakimya. Na mwaka ule nilipoacha prednisoloni, ile dawa ya steroidi isiyoachwa mara moja, ghafla kwa kujiona nimepona, ni wewe uliyenibeba hadi garini.

Ningekuwa wewe... Basi, niliahidi sitakuamulia, wewe ni mtu mzima. Vaa glavu, sigara usiiguse, na andika. Ila ukianza kuhema kwenye ngazi, au mikono ikivimba, hiyo usiiandike kwanza. Nenda siku hiyohiyo, kisha unipigie.

Mama yako