Gitaa kubaki sikio moja: krosifidi au sauti ya mzunguko?

Ndugu, umeuliza kwa nini gitaa la benga hung'ang'ania sikio moja unaposikiliza kwa hedifoni huko Nakuru, ilhali kwenye spika za sebuleni halikusumbui, na kama uwashe sauti ya mzunguko (yaani surround, inayoiga spika zilizokuzunguka). Spika ya kushoto husikika na masikio yote mawili, ila sikio la kulia huipata sauti hiyo ikiwa imechelewa kwa chini ya milisekunde 1 na imepungukiwa na sauti nyembamba, kwa kuwa kichwa huzizuia. Hedifoni huondoa mchanganyiko huo, na krosifidi (kupitisha sehemu ya sauti ya kila upande kwenye sikio la upande wa pili) huurudisha kwa kiasi. Programu ya krosifidi iitwayo bs2b, iliyotokana na kazi ya Benjamin Bauer ya miaka ya 1960, huanza na mpaka wa masafa wa hezi 700 na kiwango cha desibeli 4.5, nami ningekushauri uanzie hapo hapo. Usitarajie bendi ikae mbele yako kama jukwaani huku Kondele, Kisumu. Utakachopata hasa ni kupungua kwa uchovu wa masikio. Rekodi ya mono (yenye chaneli moja tu) haitapanuka, kwani pande zake tayari zinafanana.

Sauti ya mzunguko iache kwa filamu zenye chaneli 5.1 (spika tano na moja ya besi), maana hukadiria umbo la masikio ambalo huenda si la kwako, na kwenye muziki mara nyingi huongeza mwangwi ambao mtayarishaji hakuukusudia (binafsi siuvumilii). Krosifidi na sauti ya mzunguko usiziwashe kwa pamoja.