Maswali na Majibu: Bodi ya pampu ya kupozea na ombwe lisilotosha

Swali: Shikamoo Mhandisi. Kikundi chetu chuoni kinaunda kigunduzi kidogo cha miale ya kosmiki kitakachopanda na setilaiti. Bodi ya kielektroniki inayoendesha pampu ya kupozea imefanya kazi mezani kwa wiki mbili bila kupata moto. Tumeijaribu pia ndani ya friza, kisha ndani ya chemba iliyonyonywa hewa hadi kanieneo (mgandamizo wa hewa) ya milibari 1, takriban sehemu moja ya elfu ya hewa ya kawaida, na joto lake halikubadilika sana. Je, tunaweza kuacha jaribio la ombwe kamili (mahali pasipo na hewa), ambalo gharama yake ni kubwa?

Jibu: Marahaba. Msiliache. Matokeo mliyonieleza hayaonyeshi kwamba bodi ni salama, bali yanaonyesha kwamba hewa ilikuwa ingali inaipoza katika majaribio yote matatu.

Friza nitaipitia haraka. Inafaa kujua kama bodi itaanza kufanya kazi ikiwa baridi, mradi muifunge ndani ya mfuko wa naitrojeni kavu ili isiote barafu. Haisemi lolote kuhusu namna bodi inavyotoa joto, kwa sababu friza nayo imejaa hewa.

Linalonisumbua ni hiyo milibari 1, kwani nakutana nayo kila mara na daima huletwa kwa kujiamini. Watu hudhani kwamba kwa kuwa hewa imepungua mara elfu moja, basi uwezo wake wa kubeba joto nao umepungua mara elfu moja. Sivyo. Kinachokoma mapema ni ule mzunguko wa hewa ya moto kupanda na ya baridi kushuka. Lakini uwezo wa gesi kupitisha joto kutoka uso mmoja hadi mwingine hautegemei kanieneo, mpaka pale molekuli zitakapoweza kuvuka mwanya wote bila kugongana zenyewe kwa zenyewe. Kwenye milibari 1 molekuli ya hewa husafiri chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita kabla ya kugonga nyingine. Kama kati ya bodi yenu na kasha la alumini kuna mwanya wa milimita 2, hewa iliyomo inapitisha takriban wati 13 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto, karibu sawa na ilivyokuwa mezani. Alumini isiyopakwa rangi, kwa kunururisha (kutoa joto kwa mionzi) peke yake kwenye joto la chumba, haifikishi hata wati 1. Sasa fikirieni transista inayosukuma mota ya pampu itakapobakiwa na huo mnururisho na skrubu chache za pembeni. Ndiyo maana chupa ya chai iliyoingiwa na hewa kidogo tu kati ya kuta zake huacha chai ipoe, ingawa kwa macho haina kasoro.

Tafuteni chemba inayoshuka hadi milibari 0.00001, ambako molekuli husafiri mita kadhaa bila kugongana. Bandikeni kipimajoto kwenye mwili wa transista yenyewe, si kwenye kasha, na msisome matokeo kabla joto halijatulia, jambo ambalo katika ombwe huchukua saa nyingi. Endesheni pampu halisi, si rezista iliyowekwa badala yake, kwa sababu mkondo wa kuamsha mota iliyoganda kwa baridi haufanani na wa rezista.

Kigunduzi cha AMS-02, cha miale ya kosmiki kama chenu lakini kikubwa, kilichofungwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho elektroniki za kifuatilia-njia chake (sehemu inayofuata njia za chembe) hutoa wati zipatazo 144 zinazobebwa na kaboni dayoksaidi inayosukumwa kwa pampu, kilipelekwa mwaka 2010 katika chemba kubwa ya ombwe ya ESTEC, kituo cha Shirika la Anga la Ulaya kilichoko Noordwijk, Uholanzi, kabla ya kurushwa Mei 2011. Hata baada ya maandalizi hayo pampu zilikuja kuharibika, na wanaanga Luca Parmitano na Andrew Morgan walilazimika kutoka nje ya kituo hicho cha anga mara nne, kati ya Novemba 2019 na Januari 2020, wakikata mabomba na kuunga mfumo mpya. Setilaiti yenu ndogo haitatembelewa na fundi yeyote.

Nawaonya pia wengine wanaonisoma, kwa kuwa siku hizi wapo wanaouza moduli zenye cheti cha "kujaribiwa katika ombwe" bila kutaja ombwe la kiasi gani, na wapo washauri wanaodai kwamba programu ya kukokotoa joto inatosha, ilhali programu hiyo huingiziwa makadirio ya mgusano kati ya bodi na kasha ambayo hakuna aliyeyapima. Kabla ya kulipa, dai grafu ya kanieneo ya siku nzima ya jaribio, na uulize kipimajoto kilibandikwa wapi. Nanyi wanafunzi, mkishapata nafasi katika chemba, nitumieni grafu hiyo pamoja na ya joto la transista, zikiwa na saa zinazolingana, ndipo tujadili mizunguko ya baridi na joto inayohitajika.