Kikundi kiende mkutanoni na daftari lake

Kwa miaka sita nimekuwa katibu wa kikundi cha akina mama waanika dagaa katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ukerewe, Ziwa Victoria. Jambo ambalo ningependa vikundi vingine vilifahamu mapema kuliko sisi ni kwamba kununua hisa kila wiki na kuzikana kwa heshima, ingawa ni mambo makubwa, havimpi mwanachama sauti katika maamuzi ya kijiji chake.

Miaka miwili ya mwanzo kila mmoja wetu alilalamikia kivyake hali ya mwalo, yaani ufuko wanakoshushia samaki. Tulianika dagaa juu ya mchanga, na mvua iliponyesha ghafla tulikimbilia maturubai, lakini dagaa waliokwisha kulowa waliishia kuuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Ushuru wa kijiji, hata hivyo, tulilipa kila asubuhi. Mwenzetu mmoja aliposimama katika mkutano wa kijiji kuomba vichanja, yaani meza za miti na nyavu za kuanikia dagaa, alijibiwa kwamba fedha hakuna, naye akaketi kwa sababu hakuwa na neno la kuongeza.

Ndipo tuliponunua kaunta buku kwa fedha za mfuko wa jamii wa kikundi chetu, tukalipiga mistari: tarehe, ndoo zilizoanikwa, ndoo zilizoharibika, ushuru uliolipwa. Mweka hazina alizibana stakabadhi kwa pini katika kurasa za nyuma. Tuliandika masika yote, hata siku ambazo mikono ilinuka dagaa na kalamu ilikuwa ikiteleza. Mkutano uliofuata hatukuomba kitu. Tuliuliza tu, kwa adabu, ushuru ule umeandikwa wapi katika taarifa ya mapato na matumizi. Mtendaji wa kijiji aliomba muda wa kutafuta. Baada ya vikao viwili vingine kijiji kilitoa nyavu na misumari, sisi tukatoa miti na nguvu zetu, na vichanja vya kwanza vikasimama.

Njia hii si ngeni huku kwetu. Wakulima wa pamba wa Usukuma, walipochoshwa na mizani ya wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe, na katika jitihada hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, vyama vyao viliungana mwaka 1955 kuwa shirikisho la ushirika la Kanda ya Ziwa. Kipimo kilitangulia, nguvu ikafuata.

Sheria nayo iko upande wa mwananchi. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, inamfanya kila mkazi aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo hamwendi pale kama wageni waalikwa.

Kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ombeni, kwa kuwa ni haki yenu na mkopo hauna riba. Ila nawasihi msianzishe kikundi kwa ajili ya mkopo peke yake, maana nimeona vikundi vya namna hiyo vikisambaratika mara tu fedha zinapogawanywa.

Kutaneni siku mbili tatu kabla ya mkutano wa kijiji, mkubaliane swali moja na msemaji mmoja, na wengine wawe tayari kumuunga mkono. Na kama kijiji chenu ni cha wavuvi wa dagaa, mwombeni mwenyekiti aitishe mkutano wakati wa mbalamwezi, kwa sababu siku za giza, mwezi usipoangaza, wanaume huwa ziwani usiku kucha na mchana wamelala, nasi tuko kwenye vichanja tunageuza dagaa.