Msamiati wa Kiingereza haupatikani kwa kukariri orodha

Msomaji mmoja wa Kasulu ameniandikia akiomba orodha ya maneno magumu ya Kiingereza, kwa kuwa anajiandaa kwa usaili wa kazi ya kuongoza watalii, kazi ambayo mimi nimeipata mwaka huu hapa Kigoma mbele ya waombaji wenye vyeti vikubwa kuliko changu. Orodha sitampa.

Nikiwa sekondari nilijaza madaftari kwa orodha za namna hiyo, na mwalimu mmoja alipenda kunisimamisha ili darasa licheke jinsi nilivyozitumia. Hadi leo nikikutana naye sokoni salamu yangu ni fupi. Daftari lilinifundisha kwamba "borrow" ni kuazima na "lend" ni kuazima. Kwetu husemwa "niazime jembe" na "nimeazima jembe" bila mtu kupotea, lakini Mwingereza hutenganisha: apokeaye hu-"borrow from", atoaye hu-"lend to". Nilipoanza kuandika kitenzi pamoja na kihusishi chake, ndipo maneno yalipotulia.

Katika usaili niliulizwa kwa nini Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta mpelelezi Livingstone, kwa maandishi yake mwenyewe alimwambia pale Ujiji mwaka 1871 "Dr. Livingstone, I presume?" na si "I assume". Nilijibu kwamba "assume" ni kulichukulia jambo kuwa kweli hata pasipo ushahidi, ilhali "presume" huegemea dalili, na Stanley alikuwa nayo: mzee Mzungu, katika mji ule ule alioambiwa kwamba yumo Mzungu. (Ukurasa wa shajara yake unaohusu siku hiyo ulichanwa, kwa hiyo huenda hakuyasema kabisa.) Msaili alitabasamu, nami nikajua kazi ni yangu.

Vijana wenzangu, acheni kukimbilia maneno marefu ya kujionyesha. Mgeni aendaye kuona sokwe katika hifadhi ya Gombe hatajali maneno hayo, ila atashtuka ukimwita sokwe "monkey", kwa sababu sokwe hana mkia na jina la kundi lake ni "ape". Jifunzeni maneno ya kazi yenu, kila moja ndani ya sentensi nzima. Huyu wa Kasulu aanze na safari yenyewe: katika basi au meli ya Liemba, ambamo abiria anaweza kusimama na kutembea, mtu hu-"get on", katika teksi au mtumbwi mdogo hu-"get in".