Wasimamishe kabla hawajasinzia

"Shikamoo Madam. Nimejaribu ile ya kuwanyanyua watoto katikati ya kipindi kama ulivyoandika. Darasa limenishinda. Wamepiga kelele mpaka mwalimu wa la tano akaja kuchungulia kama nimetoka. Dakika 20 zimekwenda na maji. Naona haya mambo ni ya shule zenye watoto 30."

Ujumbe huo umenifikia Jumatano usiku kutoka kwa mwalimu mmoja wa Kahama, ajira mpya. Nilikuwa nimeandika kwamba katikati ya kipindi watoto wanyanyuliwe kidogo, wajinyooshe huku somo likiendelea, wasisinzie. Marahaba, mdogo wangu. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu na mimi niliwahi kuchunguliwa hivyo hivyo, na mpaka leo bado inaniuma.

Tuanze na hilo la watoto 30. Nani kakudanganya kwamba mimi nilianzia huko? Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mwaka 2017, elimu bila malipo ilipokuwa imetujazia madarasa, nilikabidhiwa darasa la tatu lenye watoto 112. Dawati la watatu walikaa watano, wa pembeni kabisa kakalia tako moja, mguu wa pili kaukita njiani asidondoke. Hesabu ilikuwa vipindi viwili mfululizo, dakika 80, kuanzia saa sita na nusu, chini ya bati lisilo na dari. Ukigeukia ubao kidogo tu, ukirudisha uso unakuta safu za nyuma zimelalia madaftari. Dawa yangu ilikuwa moja, kugonga fimbo mezani. Amkeni! Wanaamka dakika tatu. Nagonga tena. Ikifika saa nane kasoro mimi ndiye niliyechoka, na jedwali la sita hakuna aliyelishika.

Kilichoniokoa ni mvua.

Ilinyesha ile ya kupiga bati mpaka hujisikii mwenyewe. Aliyefundisha kwenye madarasa ya aina hiyo anajua, mvua ikishaanza mnabaki kutazamana tu. Sikutaka wasinzie. Nikaandika 6 kubwa ubaoni, nikawanyanyua wote kwa ishara, kisha nikawa naandika namba mojamoja. Ikiwa ni ya jedwali la sita, mikono juu. Isipokuwa, mikono mabegani. 18, juu. 20, wengine juu, wengine mabegani, wanatazamana, wanacheka kicheko kisichosikika. 24, juu wote. Tukaenda hivyo mpaka mvua ikapungua, dakika kumi hivi. Walipokaa nikawapa maswali matano.

Jioni nilisahihisha madaftari jikoni, maharage yakiwa motoni. Safu za nyuma, zile nilizozoea kuzichora kosa kutoka juu mpaka chini, zilikuwa na vema tatu, vema nne. Nikasema hawa wameangaliziana. Kesho yake nikarudia bila mvua, nikawatenganisha. Vema zile zile.

Miezi iliyofuata nairuka, ilikuwa ya kujaribu na kubahatisha. Ila kuna kosa moja siwezi kuliruka. Nilikuwa nimeongeza zoezi la kuinama na kugusa vidole vya miguu. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akagoma kusimama. Nikamwona mkaidi, nikamwita mbele. Alikuja ubavu ubavu kama kaa, mgongo kauelekeza ukutani, mkono mmoja nyuma. Nikamwambia inama kama wenzako. Kaptula ilikuwa imechanika mshono mzima, na ndani hakuvaa kitu. Darasa zima lilicheka, na aliyewachekesha ni mimi. Siku mbili hakuja shule. Tangu hapo kwangu hakuna kuinama wala kuruka. Ni mikono, mabega, kusimama, kugeuka, kukaa. Na wapo waliotoka nyumbani bila kutia kitu tumboni. Ukimrusha huyo saa tatu asubuhi kabla ya uji, atakuangukia.

Halafu kikao cha walimu. Mkuu wangu wa wakati huo alinisimamisha mbele ya wote. "Madam, hapa si chekechea. Wazazi hawaleti watoto waje kucheza ngoma." Wenzangu wakaangua kicheko. Mmoja wao nilikuwa nikimshikia vipindi kila akiuguliwa. Sikujibu. Nilirudi darasani nikaendelea, tena nikawa nafunga madirisha ili tusisikike, kwenye joto lile. Mkuu alihamishwa baadaye. Hajaniambia neno, na mimi simdai. Basi, namdai kidogo.

Sasa nisikilizeni, walimu wenzangu. Sisi wenyewe tumekimbizwa mchakamchaka alfajiri, tumeimba huku vumbi linatujaa kooni, ndipo tukaingia darasani. Nani alisema tumepotezewa muda? Leo tunamkalisha mtoto wa miaka tisa kama amekunywa gundi, akisogea tunamwita mtundu. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Mwaka 2006 watafiti wa North Carolina, Marekani, walichapisha matokeo ya shule ya msingi ambako watoto walifanya mazoezi ya dakika kama kumi kwa siku humo humo darasani. Walitulia zaidi kwenye kazi, na waliobadilika zaidi ni wale ambao kabla ya hapo hawakutulia kabisa. Hapo kilichopimwa ni utulivu, si alama za mtihani, kwa hiyo usiende kumwahidi mkuu wako ufaulu wa darasa la nne. Mwahidi utulivu tu. Bila utulivu utamfundisha nani?

Turudi kwako, mdogo wangu wa Kahama. Kosa lako nimeliona kwenye ujumbe wenyewe: uliwanyanyua wakiwa wameshachoka, na hukuwa na namna ya kuwakalisha. Mtoto aliyekwisha kuchoka akipewa uhuru anafanya fujo, hata mimi nikichoka kikaoni natamani kufanya fujo. Wanyanyue mapema, dakika ya 15 hivi ya kipindi cha dakika 40, wakiwa bado wanakuelewa. Dakika mbili zinatosha, tatu ni nyingi. Fupi. Nasema tena, fupi. Wengi mnaharibu kwa sababu watoto wanafurahi na mwalimu anaona raha, anaongeza.

Na ishara ya kukaa wafundishe kwanza, siku nzima kabla ya zoezi lenyewe. Mimi sipazi sauti. Naweka kiganja kichwani na kunyamaza. Anayeniona anaweka chake, jirani yake anaona, inasambaa mpaka nyuma. Wa mwisho simpigi wala simtaji. Siku ya kwanza ilichukua muda mrefu mpaka nikaona aibu, kiganja kichwani kama mtu aliyefiwa. Wiki ya pili, kabla sijahesabu kumi wameshakaa.

Somo nalo lisikatike. Kama mnajifunza nomino, nikitaja nomino simameni, nikitaja kitenzi kaeni. Akipita mthibiti ubora, yule mkaguzi wa shule, akiuliza mnafanya nini, andalio la somo linajibu lenyewe, kwa sababu umeliandika humo. Mimi sikuliandika, ndiyo maana nilichekwa. Mwenye ulemavu wa mguu mpe kazi ya kutaja maneno, na mzungushie na wengine kazi hiyo isije ikawa ndiyo jina lake.

Jumatatu anza na kipindi kimoja tu, mikono peke yake. Mwalimu wa la tano mfuate kabla ya kengele umweleze, asikuchungulie tena. Sakafu ikiwa ya vumbi, zamu ya usafi imwagie maji asubuhi. Ijumaa niandikie, hata kama limekushinda tena.