Kabla hujauliza bei ya ekari, uliza unapewa misimu mingapi

Asubuhi moja ya Februari 2019 nilifika shambani na jembe begani nikakuta trekta limeshapita. Udongo ulikuwa umepinduliwa kutoka mpaka hadi mpaka, pamoja na ile sehemu niliyokuwa nimemwaga matoroli 14 ya samadi wiki mbili nyuma. Kijana aliyekuwa amekaa chini ya mwembe akaniambia, tena kwa upole, "Mama, mzee amesema mwaka huu analima mwenyewe."

Sikuwa na la kujibu. Kodi ya msimu ule nilikuwa sijalipa, karatasi sikuwa nayo, na shamba kweli lilikuwa la mzee aliyenikodisha.

Tulihamia kijiji kile, wilayani Mvomero, mwishoni mwa 2016. Mume wangu alikuwa akifanya vibarua vya ujenzi Morogoro mjini, mimi nakaanga vitumbua. Nyumba ya watu watano, unga kilo moja na nusu kwa siku, na tulikuwa tunaununua dukani nusu kilo nusu kilo. Anayenunua hivyo ndiye anayelipa ghali kuliko wote, kwa sababu hajawahi kuamka na pesa ya gunia mkononi. Jioni moja nikapiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto: kilo moja na nusu kila siku ni karibu kilo 550 kwa mwaka, yaani magunia matano na nusu ya kilo 100. Ekari moja ya mahindi ingetutoa hapo, hata ikilimwa na mtu anayejifunza.

Kuipata haikuwa shida. Mzee jirani alikuwa na pori la ekari nne lililokaa miaka bila jembe. Akanikatia moja, akapima mwenyewe hatua 70 kwa 70, na mzee yule ana miguu mirefu kweli. (Ukipimiwa kwa hatua, omba apime mtu mrefu.) Bei shilingi 40,000 kwa msimu. "Utanipa ukishavuna, mwanangu, usihangaike." Nilimshukuru hadi nikapiga magoti. Sasa najua kwamba neno lile la huruma ndilo lililonimaliza. Mtu ambaye hajapokea kitu chako hana anachodaiwa.

Masika ya 2017 nilimalizia nguvu kwenye visiki. Ndio mwaka viwavijeshi vamizi walipoingia nchini, nikaambulia magunia matatu. Mwaka uliofuata nilipata saba, na kunde juu yake. Kuanzia Agosti tulikula dona ya kwetu na dukani tukawa tunakwenda kwa chumvi na kiberiti tu. Wapita njia wakaanza kulisifia lile shamba, na mwenye shamba ana masikio.

Simlaumu sana. Alinipa pori, nikamrudishia shamba. Lakini ndiyo maana utawaona wakodishwaji wengi hawamwagi samadi wala hawachimbi makinga maji, na bwana shamba akipita anasema watu hawa ni wavivu. Mimi naona wanajua hesabu kumshinda. Samadi inaendelea kulipa hadi msimu wa pili na wa tatu, na wao hawana hakika kama msimu wa tatu utawakuta pale.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo aanzie wapi, simuulizi ana pesa kiasi gani. Namwambia aombe misimu mingi, hata kama kipande ni kidogo. Robo ekari, hatua 35 kwa 35, uliyopewa kwa miaka mitano, itakulisha kuliko ekari mbili za msimu mmoja. Na kama unaweza, lipa kabla ya kulima, walau nusu.

Halafu uandike. Karatasi ya daftari inatosha, ila iandikwe vizuri. Weka majina ya wote wawili kama mna ndoa, maana nimeona mwanamke akilima miaka minne kwa karatasi yenye jina la mume peke yake, na mume alipoondoka aliondoka na shamba. Taja mipaka kwa majina ya majirani: kaskazini fulani, mashariki korongo. Usiandike "mwaka mmoja", andika misimu. Huku tuna vuli na masika, na wako wenye mashamba ambao ukilipa wanahesabu umelipia masika tu. Ukiwa na mihogo ardhini, inayotaka miezi tisa na zaidi, utajikuta unagombea zao lako mwenyewe.

Mashahidi wawe mwenyekiti wa kitongoji na jirani mmoja au wawili wa mpakani. Mimi naongeza na mtu wa nyumbani kwa mwenye shamba, mke au mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima. Jirani yangu alikodi kwa mzee mmoja, mzee akafariki Aprili mahindi yakiwa usawa wa magoti. Matanga hayajaanuliwa vizuri, watoto wakamwambia hawamjui.

Jambo jingine ambalo mtu aliyetoka mjini hulijua kwa kuumia: mkodishwaji hapandi mti. Huku kwetu anayepanda mwembe ametangaza kwamba anakaa. Kwenye shamba langu la pili niliotesha mipapai mitatu pembeni, ya kula watoto tu. Mwenye shamba akaja jioni, akaisimamia. "Hii nini, mwanangu?" Niliing'oa siku hiyo hiyo, na sikuwa na hasira. Ningekuwa yeye ningeuliza vilevile.

Sasa, hilo shamba unaloonyeshwa ni la nani hasa? Hapa watu hufanya haraka. Sehemu za Uluguru, milimani huku Morogoro, ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mwanaume anayekuonyesha shamba anaweza kuwa mjomba mwangalizi, au mume aliyeoa katika ukoo ule. Kaa na wanawake wa nyumba ile, uliza taratibu. Dakika kumi jikoni zitakupa majibu ambayo huyapati barazani.

Ikiwa ni ardhi ya kijiji, kuna sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia, lakini haiwezi kumgawia mtu bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Kiongozi anayekukatia kipande mkiwa wawili chini ya mti anakupa kisicho chake, na siku akitoka madarakani utatoka naye. Nenda kwenye mikutano hiyo. Najua inachosha, inatangazwa saa nne inaanza saa saba, lakini ndipo utakaposikia ardhi ipi ipo na nani anaitaka. Mkazi wa kijiji anaweza kuomba, na akikubaliwa akapata hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria hiyohiyo inasema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanaume. Mimi nilipeleka maombi kwa jina langu, na mzee mmoja pale akauliza kama mume wangu anajua. Nikamjibu, "Shikamoo, ndiye aliyenisindikiza." Watu wakacheka, kikao kikaendelea. Maombi yale bado yanasubiri.

Mkoa huu una pia mashamba makubwa yaliyotelekezwa, mengine ya mkonge, na kila mwaka unasikia kwamba shamba fulani hati imefutwa na wananchi wanagawiwa. Yako yaliyofutwa kweli. Lakini anayefuta hati ni Rais, na ugawaji baada ya hapo hupitia kwa viongozi wa wilaya na kijiji, mchana kweupe. Mimi nilitoa 20,000 "ya fomu" kwa kijana mwenye kitabu cha risiti na kalamu mbili mfukoni. Fomu niliipata. Shamba ninalisubiri hadi leo.

Kingo za mto usizikaribie, hata mchicha ukikuita. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60, na wanaokuja kufyeka hawasubiri uvune.

Kama huna hata pesa ya robo ekari, tafuta wenzako. Baada ya lile trekta, sisi akina mama sita wa kikoba tulikodi ekari mbili pamoja, tukagawana ngwe. Kila mtu analima yake, kodi inatoka kwenye mfuko wa pamoja, karatasi ina majina sita. Mwenye shamba akitaka kutuondoa ana watu sita wa kuwatazama usoni, na huyo mmoja niliyekuwa mimi alikuwa rahisi sana.

Siku hizi nina nusu ekari yangu pia, masika na vuli, hadi 2027. Karatasi iko ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati, na chini yake kuna dole gumba la bibi mwenye shamba, amelibonyeza kwa nguvu hadi wino umetokea upande wa pili. Msimu uliopita nilimpelekea mahindi mabichi kumi na kilo ya sukari. Habari za misimu mingine mitano sikuzigusa. Nasubiri kwanza aione samadi niliyoweka mwaka huu inavyofanya kazi, na safari hii nimeiweka kwa vipimo.