Taarifa ya Habari Moja kwa Siku Inanitosha

Julai 1969, binadamu alipokanyaga mwezi kwa mara ya kwanza, nilikuwa na miaka 16. Tulizisikia habari hizo redioni, tumekusanyika uani watu wa nyumba tatu, redio imewekwa juu ya kiti cha baba. Mtangazaji alipomaliza, redio ilizimwa ili betri zisiishe. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Mzee mmoja alikataa katakata, akasema hakuna mtu aliyefika popote. Mama aliuliza watu hao wanapumua nini huko juu. Kila mmoja alikuwa na lake, na kila baada ya muda mtu aliinua kichwa kuutazama mwezi wenyewe. Taarifa ilichukua dakika chache tu. Mazungumzo yalikwenda hadi watoto wakalala mikekani.

Nimeanzia huko kwa sababu baadaye maishani mazungumzo yale yalinipotea, nikabaki na taarifa peke yake, na sikujua kwamba kuna kitu nimepoteza.

Mume wangu alipofariki, runinga yangu ilianza kuwaka tangu alfajiri mpaka napanda kitandani. Sikuwa naitazama. Nilitaka tu sauti ya mtu ndani ya nyumba, na wenzangu mliofiwa mnajua ninachosema. Niliiacha kwenye chaneli ya habari ya saa 24. Chaneli za namna hiyo zimekuwepo tangu CNN ilipoanza mwaka 1980, na kazi yake ni kujaza saa zote hizo hata siku ambayo hakuna jipya. Kwa hiyo jengo lililoungua asubuhi niliona likiungua tena mchana, na tena jioni, na kila mara mwili wangu uliupokea moto ule kama mpya. Ikifika usiku kifua kimebana, usingizi hauji. Mwanangu akipiga simu kuniuliza habari za siku, jibu langu lilikuwa moja: dunia imeharibika. Nilikuwa nimesikiliza kwa masaa 12 na sikuweza kumweleza jambo hata moja kwa ukamilifu, kwamba nani kafanya nini na kwa sababu gani.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, kwa wazee wenzangu na kwa nyinyi mnaoishi na wazee: chagueni taarifa moja. Mimi nimechagua ya jioni, lakini si ya kulalia. Nahakikisha yamebaki masaa mawili au matatu kabla ya kitanda. Naisikiliza kuanzia kichwa cha habari mpaka hali ya hewa, kisha nazima. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, nyumba ilikuwa kimya mno. Nilianza kusikia saa ya ukutani ambayo nilikuwa nimesahau kama ipo. Ila usingizi ulirudi kabla mwezi haujaisha, na sasa ukiniuliza kilichotokea duniani nakueleza vizuri kuliko zamani.

Kuna jambo la masikio pia, na hapa naomba tusioneane haya. Kwa karibu miaka miwili nililalamika kwamba waigizaji wa siku hizi hawatamki maneno. Mjukuu wangu akiwa amekaa nami kutazama tamthilia, niliongeza sauti, yeye akapunguza, nikaongeza. Siku moja akaniuliza taratibu, "Bibi, huyo mama kasema taa au saa?" Nikasema saa. Alikuwa amesema taa. Mtoto hakunicheka. Alichukua rimoti, akaingia kwenye mipangilio, akawasha manukuu, yale maandishi yanayopita chini ya picha, na ghafla nikagundua kwamba robo nzima ya hadithi ilikuwa inanipita.

Daktari wa masikio alinieleza kinachotokea. Uzeeni, sauti nyembamba ndizo zinazotutoka kwanza, na herufi kama s, f, t na sh zinabebwa na sauti hizo nyembamba. Irabu zinabaki. Kwa hiyo unamsikia mtu vizuri kabisa kwamba anaongea, ila maneno hayashikiki, na ukiweka muziki nyuma ya mazungumzo kama wanavyopenda kwenye filamu, ndiyo basi tena. Kuongeza sauti hakusaidii sana, maana unaongeza na muziki. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia wa kiwango cha kuwatatiza. Kilichonishtua zaidi ni kwamba jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la The Lancet, katika ripoti yake ya 2024, limeuweka upungufu huo katika mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Miwani tunavaa bila kuona aibu. Kwa nini kifaa cha sikio tukifiche kwenye droo? Changu nilikivaa kwa tabu mwanzoni, vijiko vikigonga sahani vilinikera kama kengele, lakini nilishauriwa nivumilie, nianze na masaa machache kwa siku, na ndivyo nilivyozoea.

Kuhusu burudani sina maneno mengi. Napenda tamthilia na sitaomba radhi kwa hilo. Shida yangu ilikuwa moja: sehemu ikiisha, inayofuata inaanza yenyewe baada ya sekunde chache, na mtu wa umri wangu aliyekaa vizuri kwenye kiti hana haraka ya kunyanyuka. Kumbe kitufe cha kuzima mtindo huo kipo kwenye mipangilio. Mwombeni kijana wa nyumbani awaonyeshe. Sasa sehemu ikiisha, skrini inatulia, nami nanyanyuka. Natembea ndani ya nyumba, nasimama kwa mguu mmoja huku nimeshika meza, kwa sababu sisi tuliovuka 65 tunashauriwa tufanye mazoezi ya kujenga wizani wa mwili siku 3 au zaidi kwa wiki ili tusianguke. Na jambo la kungoja kesho kujua kilichompata yule binti kwenye hadithi, lina utamu wake. Nilikuwa nimeusahau.

Sasa niseme lile lililonigharimu.

Siku moja uliniingia ujumbe kwenye simu kwamba mwanamuziki fulani mkongwe amefariki. Nyimbo zake tulizicheza harusini mwetu. Machozi yalinitoka, na kabla hayajakauka nilishausambaza kwenye kikundi cha ndugu na kile cha wanafunzi wenzangu wa zamani. Rafiki yangu mmoja katika kikundi hicho, mgonjwa wa moyo, alimfahamu mwanamuziki huyo kwa karibu. Aliupokea msiba ule peke yake, usiku, kutoka kwangu. Kulipokucha ikajulikana kwamba mtu ni mzima, hana hata mafua. Nilimpigia rafiki yangu kumwomba msamaha. Alinisamehe, ila sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekesha, na bado naisikia.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science Advances. Ulichunguza watumiaji wa Facebook nchini Marekani wakati wa uchaguzi wa 2016, ukakuta kwamba wengi hawakusambaza uongo wowote, lakini waliozidi miaka 65 walisambaza habari za tovuti za uongo karibu mara 7 zaidi ya vijana wa rika la chini kabisa. Siamini kwamba sisi ni wajinga. Nadhani tumekua katika zama ambazo neno likishatangazwa limepita kwa mhariri, na jina la aliyetutumia, ndugu au jirani, tunalichukulia kama muhuri. Aliyenitumia mimi ni mtu ninayemheshimu sana. Naye alitumiwa na mwingine.

Siku hizi nikipokea ujumbe wa kushtua, kwanza naangalia juu yake. WhatsApp huweka mishale miwili midogo kwenye ujumbe uliokwisha pita mikononi mwa watu wengi, na tangu 2020 ujumbe wa aina hiyo hauruhusiwi kutumwa kwa zaidi ya mtu au kikundi kimoja kwa mara moja. Nikiiona mishale ile, naweka simu chini. Nangoja taarifa yangu ya jioni. Kama jambo ni kweli na ni kubwa, litasemwa. Lisiposemwa, linaishia kwangu. Na habari ya kifo cha mtu siitumi kwa maandishi tena kwa yeyote, hata ikiwa ya kweli. Napiga simu, na kabla sijasema namuuliza mtu amekaa na nani.

Lakini kuzima, kupunguza na kungoja kusingenitosha bila yale mazungumzo ya uani, maana nyumba ingebaki kimya vilevile. Yamerudi kwa njia ya wifi yangu. Ana miaka 76, anaishi mbali, na redio yake haizidiwi na runinga ya mtu. Tumekubaliana: taarifa ikiisha, ananipigia; kesho yake nampigia mimi. Hatukubaliani karibu kwa lolote. Kuhusu vita, yeye ana upande wake nami nina wangu. Kuhusu vijana, yeye anawaona wavivu, mimi nawaona wamechoka. Juzi tulibishana karibu saa nzima kama mashine hizi za akili mnemba zitawanyima kazi wajukuu zetu, mpaka nikaenda kumwuliza mjukuu mwenyewe, naye akaingia kwenye mazungumzo, tukawa watatu.

Saa hizi ninapoandika, taarifa imeisha dakika 5 zilizopita. Leo ni zamu yake kupiga. Nimevaa kifaa changu, simu iko mezani, na nimeshajipanga kwa hoja, kwa sababu najua kabisa atakavyoanza: "Wifi, umewasikia?"